Mbeyu wa Kwa Mung'aro na Salamu za Mji Mzima

Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne, kisha ikakatika ghafla na jua likawaka, mpaka mawe ya vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, yakawa yanatoa mvuke. Siku kama hiyo sufi haianikiki. Mbeyu aliketi kizingitini pa chumba chake cha kazi akichambua sufi aliyoianika juzi, mbegu akizitupa kwenye bakuli la bati, na kila mpita njia aliyemsalimu alimjibu bila kuinua kichwa, kwa jina.

Mbeyu ni fundi wa mito na magodoro. Ana miaka hamsini na minne, mrefu, sauti yake nzito, na vidole vyake vya mkono wa kulia vina sugu za shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magodoro. Siku hizi watu wengi hununua magodoro ya sponji, hulala juu yake mwaka mmoja, kisha huja kwake na maumivu ya mgongo. Yeye huwaambia wakae, huwauliza wanalala upande gani, na hapo ndipo huanza kazi. Kazi hiyo alifunzwa hapa hapa, kwenye nyumba ya Mehrunnisa, jirani yake wa ghorofa ya juu, alipokuja akiwa na miaka kumi na tisa kumsaidia mama yake Mehrunnisa kazi za ndani. Palikuwa na fundi mzee chini, naye Mbeyu akawa kila akimaliza kazi ya juu anateremka. Mwaka wa tatu hakupanda tena.

Ukimuuliza kwao ni wapi, hukujibu, "Mimi wa Kwa Mung'aro," kana kwamba umemuuliza jua linatoka upande gani. Ukisema hupajui, hukutazama kwa huruma.

Kwa Mung'aro ni mji mdogo katika nyika kavu, bara ya mbali, safari ya siku nzima kwa basi kutoka Mombasa kama barabara haikuharibika. Mchanga wake ni mwekundu. Miti yake ni miiba na michache mingine ambayo wenyeji huijua kwa utomvu wake. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja wa njaa mtu aitwaye Mung'aro aliona mbuzi wake wakiparapara mahali pamoja siku tatu mfululizo, akachimba, watu wakamcheka, akachimba. Maji yaliyotoka yalikuwa na chumvi kidogo, lakini yalikuwa maji. Jamaa zake wakaja, kisha Waorma wachache wenye ng'ombe, kisha wachuuzi wa asali, ngozi na sandarusi. Duka la kwanza la mabati lilifunguliwa na Mhindi mmoja kutoka hapa kisiwani, naye ndiye Gaffar, babu yake Mehrunnisa. Gaffar alikaa huko miaka kumi na mmoja. Kisima kilipozidi chumvi alifunga duka akarudi Mombasa, na wenyeji wakachimba kingine upande wa pili wa kilima. Baadaye ikaja shule, na mwisho kabisa zahanati, ambayo mawe yake waliyabeba wenyewe, wanawake kwa wanaume.

Vijana wa mji huo wameteremka pwani miaka mingi. Wako bandarini Kilindini, wako kwenye ulinzi, wako kwenye majiko ya hoteli. Ndiyo maana Mehrunnisa hupenda kumtania Mbeyu kwamba Kwa Mung'aro ni mji wa Mombasa, ila umesahauliwa bara.

"Nyinyi mwatoka mji usio na watu," humwambia. "Babu yangu alifunga duka kwa kukosa wa kumuuzia."

"Babu yako alifunga duka kwa kupenda halua," Mbeyu humjibu. "Huko hapana."

Lakini mwaka huu utani huo ulianza kuuma, kwa sababu serikali nayo ilisema vivyo hivyo. Mwezi wa Machi ilikuja habari kwamba kwa hesabu iliyopo wakazi wa Kwa Mung'aro hawatoshi kuwekewa muuguzi wa kudumu. Ifikapo Julai, nesi Mutunga angehamishwa na zahanati ingefungwa.

Habari hiyo ilimkuta Mbeyu na mama yake mzazi chumbani. Mama Kadzo, aliyepita miaka themanini, aliletwa Mombasa mwezi wa pili kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa ajili ya sukari. Ni nesi Mutunga aliyekiona mapema na kusema apelekwe, la sivyo mguu ungekatwa. Hospitali ilimtibu vizuri. Kidonda kilikuwa kimefunga kiasi cha kubaki kama sarafu, na daktari alisema mama anaweza kurudi kwao, kwa sharti moja: awe karibu na mtu aliyesomea, wa kumsafisha kidonda na kumpima sukari kila mara. Mtu huyo Kwa Mung'aro alikuwa mmoja tu. Akiondoka Mutunga, Mama Kadzo harudi.

Majirani walisema si neno, mama amefika kwa mwanawe, na akae ale raha. Mbeyu hakukubali.

"Mama hakai hapa," alisema. "Mama amewekwa hapa. Muangalieni. Kutwa ameelekea ukuta wa jirani. Kwao akikaa mlangoni anawasikia ng'ombe wa mtu kabla mwenyewe hajajua wamepotea."

Sasa, hesabu ile ilikuwa ndogo kwa nini? Si kwamba wahesabuji walikuwa wazembe. Kwa Mung'aro watu hawahesabiwi. Kuna msemo wao, "Mbuzi huhesabiwa, mtu huitwa." Mwenye watoto wanane akiulizwa anao wangapi hujibu, "Ni hawa wawili watatu," na akiona karani anakuja huwatuma wengine machungani. Si uongo kwao. Ni kumfichia mtoto macho ya mauti. Mama Kadzo mwenyewe aliivunja desturi hiyo mara moja, akiwa mwanamke kijana. Karani alipokuja, alisimama kwa kujivuna akawagusa watoto wake vichwa mmoja baada ya mwingine: sita. Kabla ya mvua za mwaka huo surua iliwachukua watatu. Mbeyu alizaliwa baadaye. Tangu hapo mji mzima ulimtazama Mama Kadzo, na yeye aliposema mtu asihesabiwe, hakuhesabiwa mtu.

Afisa wa afya aliyekuwa na kazi ya kuandika upya wakazi wa upande ule aliitwa Athmani, kijana wa Kidigo anayekaa Tudor na mkewe, mpole na msikivu. Alikuwa amekwenda Kwa Mung'aro mara mbili. Mara zote mbili alipewa chai, akapewa maziwa, akaonyeshwa nyumba zenye watu wawili watatu. Mbeyu alimtafuta, akamwita, akamkalisha juu ya gunia la sufi.

"Mama, mimi nataka kuwasaidia," Athmani alimwambia. "Mji ule nauona kwa macho yangu ni mkubwa. Ila siwezi kuandika macho yangu. Nipe majina, nyumba kwa nyumba, kisha nitakwenda kuhakikisha. Bila majina naambiwa, huyu ni mgeni, yule ni mpita njia."

Mbeyu alikuwa na jambo moyoni. Kila Ijumaa jioni mama yake humpigia simu Kahindi, kaka yake Mbeyu aliyebaki nyumbani, ili awasalimu watu. Na salamu ya Mama Kadzo si ya kusema "wasalimie wote." Kwake yeye, kusema hivyo ni kama kutupa nafaka mlangoni kuku wajigawie. Huanzia kisimani akapanda kwa njia ya kilimani mpaka shuleni, nyumba hii na ile, mume hajambo, mke hajambo, yule mtoto mwenye kikohozi, yule mwali aliyeposwa. Kahindi hutembea na simu mkononi.

"Mama," Mbeyu alimwambia Jumanne, akimfunga kitambaa cha mguu, "wiki hii ukisalimu, nataka pawe na mtu anasikiliza."

"Nani?"

"Athmani, yule wa afya."

"Huyo anahesabu."

"Ataandika majina."

"Na akishayaandika?"

"Atahesabu. Sikufichi."

Mama Kadzo aligeukia ukuta. Siku hiyo hakula ila uji, na siku ya pili vivyo hivyo.

"Wewe nawe wajitakia tabu," Mehrunnisa alinong'ona ngazini. "Mweke huyo kijana nyuma ya pazia. Mamako macho yake hayaoni hata paka. Atajuaje?"

"Nitajua mimi," Mbeyu alisema. "Atarudi nyumbani kwa wizi? Akifiwa na mjukuu mwakani, nitamtazama vipi?"

Alhamisi, mguu ukiwa ndani ya beseni, mama alisema mwenyewe.

"Nitasalimu. Salamu si hesabu. Yeye na afanye lake, ila nikimaliza asinitajie ngapi. Na ajue, mtu mmoja nitamwacha. Sijui nani. Mmoja huachwa, ili hesabu isitimie na mlango usifungwe."

"Nitamwambia."

"Na Ijumaa hapana. Jumamosi, mchana. Ijumaa watu wamechoka, wataitika kwa uvivu."

Basi hiyo ndiyo Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Baada ya adhuhuri Athmani alifika, viatu mkononi kwa ajili ya madimbwi. Alimwamkia Mama Kadzo shikamoo, akapewa marahaba yake, kisha akaenda kuketi ukumbini, nje ya chumba cha mama, karibu na mlango ulioachwa wazi. Mehrunnisa aliteremka na chupa ya chai, akidai amekuja kuleta chai tu, akavuta kiti. Mbeyu aliishika simu, ameifungulia sauti ili wote wasikie. Upande wa pili Kahindi alikuwa amesimama uwanja wa kisimani, maana siku hiyo hakutembea; aliwaambia watu kwamba Mama Kadzo atasalimu, anayetaka na aje.

Mwanzo ulikuwa wa taratibu. Mama aliuliza nyumba ya kwanza, wakaitika watatu. Nyumba ya pili, wawili. Athmani alimtazama Mbeyu kama anayesema, ni yale yale. Kisha mama akauliza, "Na yule mdogo wenu, aliyezaliwa wakati wa nzige, simsikii?"

Minong'ono kidogo. Halafu sauti ya mwanamke: "Yuko na mbuzi, Mama."

"Basi nisimsalimu. Mkimwona mwambieni nilimpita."

Kumpita mtu kwa salamu Kwa Mung'aro ni tusi. Mtu aliyepitwa huenda akauliza mwaka mzima kosa lake ni nini. Alisikika yule mwanamke akipiga kelele kuita upande wa machungani, na mwingine akaita wa kwake, na mwingine. Hapo ndipo mji ulipoanza kutoka.

"Mama Kadzo! Mimi Kenga wa Mwavuo, nimesimama hapa tangu mwanzo, umenipita!"

"Nimekupita makusudi. Ulinizibia njia ya kisima mwaka wa njaa."

"Mama, ni miaka ishirini hiyo!"

"Kumbe waikumbuka. Haya, hujambo. Mkeo hajambo? Na yule mdogo, hajambo?"

"Mdogo yupi?" Hiyo haikuwa sauti ya Kenga. Ilikuwa ya mkewe. "Kenga, mdogo yupi?"

Mehrunnisa alimwaga chai. Huko kisimani watu walicheka mpaka simu ikawa yavuma tu, na Kahindi ikabidi awatulize kwa kusema chaji itakwisha. Athmani aliandika jina la Kenga, akaandika la mke, kisha akainua uso kuuliza. Mbeyu alimjibu kwa sauti ya chini, "Yuko. Mke wa pili, nyumba ya mwisho karibu na shule. Mji mzima wajua ila mke wa kwanza."

Watu waliitika kwa zamu, kwa kusukumana. Vizee waliomaliza miaka bila kutoka uani waliletwa kwa mkono. Mama mmoja alisema, "Huyu wangu humjui, amezaliwa mwezi wa tatu," akamfinya mtoto ili alie kwenye simu, na Mama Kadzo akamsalimu mtoto huyo kwa jina la babu yake aliyekufa, maana alikisia ndilo alilopewa, na ndilo. Mara nyingine alikosea. Alimsalimu mtu aliyekwisha kuhama, akawasahau watu wa nyumba nzima nyuma ya kilima, nao wakaja juu, wakasalimiwa kwa fidia mara mbili. Athmani aliwaandika mara moja.

Kisha mambo yakaanza kuzidi utamu. Kahindi, aliyekwisha kuelewa kazi inavyokwenda, akasema, "Na Mbogo yuko hapa, Mama, hajambo."

"Mbogo gani?" Mbeyu aliuliza kwa sauti.

"Mbogo wetu, mwana wa ami."

"Kahindi. Mbogo nilimwona juzi hapa Mombasa, ufukweni Mama Ngina, anakula mihogo ya kukaanga na anadai haina ndimu. Athmani, mfute."

"Dada, ni mtu wa huku!"

"Ni mtu wa huko, ila halali huko. Na wale wanne wa Kilindini uliowatia pale nyumba ya Baba Chengo nimewasikia pia. Wafute wote."

Athmani alisita na kalamu. "Mama, ukipunguza, unajipunguzia wewe. Hesabu ikipanda ni faida yenu."

"Ikipanda kwa uongo itashuka ukifika. Utakwenda kuhakikisha, sivyo? Utakuta nini, kivuli cha Mbogo? Hapo watasema na wale wengine ni vivuli pia, na Mutunga ataondoka, na sababu watakuwa nayo. Andika wanaolala huko. Ni wengi. Sisi hatuna haja ya kuazima watu."

Alisema hivyo kwa yakini ya mtu aliyeujaza mto sufi kwa mikono yake na kujua umejaa. Athmani akafuta.

Mama Kadzo alikuwa amefika mwisho wa kilima. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisalimu nyumba ya mwalimu, akamsalimu nesi Mutunga, ambaye alitoka zahanati na kuja kusimama kwenye foleni kama wengine, kisha akafika nyumba yake mwenyewe. Kahindi hajambo. Mke wa Kahindi hajambo. Watoto wa Kahindi, mmoja mmoja.

"Na Mbeyu wangu hajambo," akamalizia.

Kisimani hakuna aliyeitika. Ukumbini Athmani aliinua kalamu akaishusha, akangoja.

Mbeyu alikuwa ameshika simu. Ana miaka thelathini na mitano kisiwani. Watoto wake wamezaliwa hapa, ufunguo wa chumba cha kazi uko shingoni mwake, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akijiita wa mahali pengine ila Kwa Mung'aro.

"Mimi usiniandike," alimwambia Athmani. Kisha akamgeukia mama yake. "Sijambo, Mama. Ila mimi nalala Mji wa Kale. Nimewafuta wengine, siwezi kujibakisha."

Mama Kadzo aliinua mkono. Akapapasa hewani mpaka akapata mkono wa binti yake, ule wenye sugu.

"Nilikuwa nikitafuta wa kumwacha," alisema. "Tangu kisimani natafuta. Basi ni wewe. Wewe ndiye mlango."

 Mbeyu alimwinamia akamwekea mto vizuri mgongoni, kisha akamwambia Kahindi awape watu ruhusa waende zao, akakata simu.

Athmani alikaa peke yake ukumbini kitambo, akijumlisha. Alipomaliza alimwita Mbeyu kichochoroni, mbali na mlango, akamnong'oneza. Hata akiondoa shaka zote, hata akikuta nyumba kadhaa tupu, wakazi walipita kiwango kwa mbali. Angeondoka Jumatatu kwenda kuwatazama kwa macho, nyumba kwa nyumba, na kwa majina hayo hakuna mtu atakayemwambia ni wawili watatu, kwa sababu wote walikwisha kuitika mbele ya wenzao. Zahanati haitafungwa Julai. Hilo aliliahidi kwa kiapo, na Mbeyu akamwambia kiapo hakihitajiki, afanye kazi yake tu.

Mehrunnisa alikuwa bado kwenye kiti chake, akingoja kwa hamu.

"Ngapi?" aliuliza Mbeyu aliporudi. "Niambie mimi, mamako hatasikia."

"Wa kutosha."

"Wa kutosha ndiyo ngapi?"

"Wa kutosha hata babu yako angeuza halua."

Kutoka chumbani Mama Kadzo aliuliza kama mgeni amekwisha kwenda. Aliambiwa amekwenda. Akauliza kama mvua itarudi usiku, na kama huko kwao imenyesha, maana amesahau kuuliza la maana kwa kuwasalimu watu.

Asubuhi ya Jumapili Mbeyu aliamka mapema kuliko kawaida yake. Alimpima mama sukari, akamsafisha kidonda, akampigia nesi Mutunga kumuuliza dawa zipi azibebe kutoka Mombasa na zipi ziko huko. Kisha akajitanda leso, akashika njia ya Mwembe Tayari kwa miguu mpaka kwenye ofisi ya mabasi. Karani wa tiketi, aliyekuwa ndiyo kwanza afungua dirisha, alimuuliza wanasafiri watu wangapi.

"Mimi na mama yangu," Mbeyu alisema. "Niandikie viti viwili vya kwenda, Jumatano. Na cha kurudi kimoja."